Mafahali Sita Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mimi si wa kuwapinga wahenga, kwani asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hata hivyo, mpenzi msomaji, naomba uniazime sikio nikusimulie habari ya mafahali sita walioishi katika zizi moja dogo nyumbani kwetu Mathare, wakapigana kumbo asubuhi na jioni, na mwishowe wakatulia bila hata mmoja wao kuuzwa wala kuchinjwa. Mafahali hao si ng'ombe. Ni kibodi, kipanya, printa, skana, modemu na flashi diski, na zizi lenyewe ni kompyuta ya mama yangu.

Najua wapo wenzangu watakaosema, "Aka! Hayo ni ya darasa la kompyuta, yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, lugha isiyoweza kueleza vitu vilivyo mezani petu itabakia lugha ya methali na mashairi tu, nasi tunajua Kiswahili ni zaidi ya hapo. Pili, wengi wetu tunatoka katika nyumba ambamo kompyuta moja kuukuu hulisha jamii nzima. Siku ikigoma kufanya kazi, sufuria nayo hugoma kuchemka. Jambo la namna hiyo si la kuachiwa mafundi peke yao.

Mama yangu hupiga chapa. Chumba chetu kiko upande wa Mlango Kubwa, si mbali na Juja Road, nacho kimegawanywa kwa pazia: nyuma ya pazia ni kulala na kupika, mbele ya pazia ni ofisi. Mama huandika barua za kuomba kazi, mitihani ya shule ndogo za mtaani, kadi za mchango wa harusi, na zaidi ya yote vijitabu vya mazishi. Hivyo vya mazishi ndivyo hasa vinavyolipa karo yangu, maana mtu anaweza kuahirisha harusi lakini maziko hayaahirishwi.

Kompyuta yenyewe ilinunuliwa ikiwa mtumba. Ina matundu sita ya USB, mawili mbele na manne nyuma, lakini yale ya mbele yalikuja yakiwa yamekufa. Yaliyobaki ni manne, na vifaa ni sita, bila kuhesabu simu za wateja wanaosema, "Mathe, nisaidie na chaji kidogo tu." Kwa hivyo kibodi, kipanya na printa zilichukua tundu moja moja, na katika tundu la nne kikachomekwa kile kijidude chenye matundu manne ambacho mafundi hukiita habu. Mimi nitakiita kigawio, kwa kuwa kazi yake ni kugawa. Hapo kwenye kigawio ndipo zilipokaa skana, modemu, flashi na simu ya yeyote aliyeomba. Na hapo ndipo vita vilipozuka.

Ili tuuelewe ugomvi, yafaa kwanza tuujue ukoo. Kabla ya USB, kila kifaa kilikuwa na tundu la umbo lake. Printa ilikuwa na lile pana lenye sindano nyingi, kibodi ilikuwa na lake la mviringo, na modemu lake. Ndani ya kompyuta za kawaida za miaka ya 1990 mlikuwa na njia 16 tu ambazo kifaa kingeweza kupigia hodi, zikihesabiwa kutoka 0 hadi 15, na nyingi zilikuwa zimekwisha kushikwa na saa, kibodi na diski. Lililochekesha zaidi ni kwamba tundu la kwanza la modemu na vipanya lilitumia njia ya 4 pamoja na tundu la tatu, huku la pili na la nne yakigombania njia ya 3. Basi kipanya kikikaa katika la kwanza na modemu katika la tatu, modemu ilipoanza kupiga simu tu, kipanya kiliganda pale pale kama mtu aliyeona jini. Dawa yake ilikuwa kulifungua kasha na kuhamisha vijipini kwa mkono.

Mnamo Januari 1996 kampuni saba, yaani Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zilitoa mwongozo wa kwanza wa USB. Mmoja wa wahandisi walioisukuma kazi hiyo alikuwa Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Ahadi yao ilikuwa tamu kama asali: tundu la umbo moja kwa vifaa vyote, vifaa hadi 127 chini ya msimamizi mmoja, na hakuna tena kufungua kasha. Chomeka, utumie, basi.

Lakini ahadi ni deni, na deni hili lilidaiwa hadharani. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani akionyesha Windows 98 kabla haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake, Chris Capossela, akachomeka skana kwa waya wa USB ili watu waone jinsi ilivyo rahisi. Skrini nzima ikageuka buluu na kompyuta ikafa mbele ya umati. Watu wakaangua kicheko, naye Gates akasema kwa utani kwamba bila shaka hiyo ndiyo sababu walikuwa hawajaanza kuiuza. Nilipoisoma habari hii moyo wangu ulipoa. Kumbe skana haikuanza ukorofi Mathare.

Sasa tuje kwenye namna mambo yanavyokwenda ndani. Ndugu msomaji, chukulia kwamba kompyuta ni mwalimu wa darasa na vifaa ni wanafunzi. Katika USB tulizonazo majumbani, hakuna mwanafunzi anayesema kabla hajaitwa. Mwalimu ndiye hufungua daftari na kuuliza, "Kibodi, una neno? Kipanya, una neno?" Daftari hilo hufunguliwa mara 1,000 kila sekunde, na katika USB 2.0, iliyotoka mwaka wa 2000, hufunguliwa mara 8,000. Mwanafunzi mgeni akiingia huanza kwa namba 0, halafu hupewa namba yake ya kudumu kati ya 1 na 127, nayo huwa ni yake mpaka atakapotoka. Kwa mpango huo ile vita ya kale ya kugombania njia ya hodi ilikwisha. Wanafunzi hawa hawakatizani maneno hata siku moja.

Kinachowagombanisha ni chakula cha mchana. Chakula chenyewe ni umeme, nao hupitia waya ule ule wa mazungumzo, kwa nguvu ya volti 5. Tundu la USB 2.0 huahidi miliampia 500, si zaidi. La USB 3.0, lililotangazwa mwaka wa 2008 na ambalo mara nyingi huwa na ulimi wa buluu, huahidi 900. Mgeni anapobisha hodi huruhusiwa kuonja 100 tu, kisha husema anahitaji kiasi gani, na mwalimu hukubali au hukataa. Sasa tazama kigawio kisicho na waya wake wa stima. Hupokea 500 kutoka kwa kompyuta, hula 100 yeye mwenyewe, na 400 zinazobaki huzigawa kwa matundu manne. Kila mmoja 100. Kipanya hushiba kwa 100, na kibodi hali kadhalika. Lakini zile skana nyembamba zisizo na waya wa stima, kama ya mama, huweza kutaka karibu 500 zote peke yake. Modemu ya simu nayo, inapotafuta mtandao, huweza kutaka kiasi hicho hicho. Flashi ina haja yake, na simu inayochajiwa haijui kusema "asante, nimeshiba".

Anayeteka maji Mathare hana haja ya kufafanuliwa zaidi. Mfereji mmoja ukiunganishwa mipira minne, na yote ikafunguliwa kwa pamoja, maji hudondoka matone. Utasema mpira upi ndio mbovu? Hakuna mpira mbovu hapo. Maji ndiyo hayatoshi.

Kosa la wengi, wakiwemo baadhi ya mafundi, ni kumlaumu aliyeingia mwisho. Kwetu skana ndiyo iliyonunuliwa mwisho. Kila ilipowashwa, modemu ilikatika, flashi ikatoweka kwenye skrini, halafu ukasikika ule mlio wa kifaa kutoka na mwingine wa kifaa kuingia, kutoka na kuingia, kama mtu asiyejua kama ni karamu au matanga. Fundi mmoja alikuja, akaitazama kwa dakika mbili, akatoa hukumu. "Mathe, hii skana imeisha. Tupa, ununue ingine." Mama akamwangalia. "Fundi, hii nimenunua na jasho yangu. Hata miezi mitatu haijaisha." Fundi akachukua ada yake na kwenda zake. Skana ikawekwa juu ya kabati ikafunikwa leso.

Haikukaa huko sana. Ijumaa moja, yapata saa kumi na mbili jioni, jirani yetu mmoja aliingia akiwa na bahasha. Alikuwa amefiwa na baba yake. Gari la kuupeleka mwili mashambani, upande wa Kakamega, lilikuwa liondoke saa nne usiku, na vijitabu vya mazishi vilikuwa bado. Pale alipokuwa amevitoa vichapishwe walimwangusha dakika ya mwisho. Alitaka nakala 120. Picha ya marehemu ilikuwa moja tu, ya zamani, ya karatasi, imekunjika pembe. Ratiba ya ibada ilikuwa ndani ya flashi aliyopewa na kanisa. Wasifu wa marehemu ulikuwa ukitumwa kwa baruapepe na kaka yake aliyekuwa Kisumu. "Dada," alimwambia mama, "nisaidie. Siwezi kumzika mzee bila hata karatasi yenye jina lake."

Tazama basi, msomaji: picha ilihitaji skana, wasifu ulihitaji modemu, ratiba ilihitaji flashi, na yote yalihitaji printa. Mafahali wote walihitajika usiku mmoja. Mama aliishusha skana kutoka kabatini akaichomeka. Ikawaka, ikatembea nusu ya picha, ikazima. Modemu ikakatika. Flashi ikatoweka. Kijasho chembamba kikamtoka mama, akaniangalia bila kusema neno.

Nilikuwa nimesoma hesabu ile ya 500 na 100 katika kitabu cha kompyuta cha maktaba yetu hapa shuleni. Nikamwomba mama ruhusa, akanipa kiti. Nilizima kompyuta, nikachomoa kila kitu isipokuwa kibodi na kipanya, hata simu ya mteja ikatoka. Nikaiwasha tena na kuiacha itulie. Ukimya. Hakuna mlio wa kuingia wala kutoka. Hapo nikajua kwamba kompyuta yenyewe ni nzima.

Kisha nikaichomeka skana peke yake, tena si kwenye kigawio bali moja kwa moja katika tundu la nyuma. Ikaipiga picha ya mzee kutoka juu hadi chini bila kukohoa. Mama alisema, "Kumbe!" Neno hilo moja lilitosha. Skana iliyokuwa imehukumiwa kifo ilikuwa hai. Nikairudisha kwenye kigawio peke yake, ikajikokota. Nikaongeza modemu, zikafa zote mbili. Nikaitoa modemu na kuipeleka nyuma peke yake, ikashika mtandao mara moja. Ushahidi ulikuwa umekamilika: kila mmoja ni mzima akiwa peke yake, na wote ni wagonjwa wakila sahani moja.

Usiku ule hatukuwa na kigawio kingine, na maduka yalikuwa yamefungwa. Lakini penye nia pana njia. Tuliwaweka kwa zamu. Skana ikafanya kazi yake, picha ikahifadhiwa ndani ya kompyuta, skana ikatolewa. Modemu ikaingia, wasifu ukafika kutoka Kisumu, modemu ikatolewa. Flashi ikaingia, ratiba ikanakiliwa, flashi ikatolewa. Mama akavipanga vyote kurasa nne, jirani akisoma majina ya wajukuu kwa sauti ili lisikosekane hata moja. Saa mbili na nusu kijitabu kilikuwa tayari kwenye skrini.

Mama akabonyeza kuchapisha. Printa ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya. Jirani alikuwa ameanza kutazama mlango.

Huo ulikuwa ugomvi wa aina nyingine kabisa, nao haukuhusu chakula bali majina. Printa yetu ina waya wake wa stima, haimo katika kugombania miliampia. Lakini katika kule kuhamishahamisha, ilikuwa imerudishwa tundu tofauti na lile la awali. Nilipofungua orodha ya printa nikakuta ziko mbili: moja yenye jina lake la siku zote, imefifia rangi, na nyingine yenye jina lile lile likifuatwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nakala ya kwanza. Printa nyingine hazina namba ya pekee ya kuzitambulisha, kwa hivyo Windows huzitambua kwa tundu zilipochomekwa. Ukihamisha waya, kompyuta hudhani umeleta printa mpya, ilhali kazi zote zinaendelea kutumwa kwa ile ya zamani ambayo haipo. Ni kama barua kupelekwa kwa mpangaji aliyehama. Tulirudisha waya katika tundu lake la kwanza. Printa ikanguruma, na karatasi zikaanza kutiririka, zile zilizokuwa zikingoja na zilizofuata.

Saa tatu na dakika arobaini nakala 120 zilikuwa zimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Jirani alichukua moja, akaitazama sana ile picha ya jalada, akasema tu, "Ni yeye." Akamlipa mama, akatoka mbio kuelekea barabarani. Gari lilimngoja.

Wiki iliyofuata mama alinituma Luthuli Avenue, ile barabara ya katikati ya jiji ambayo maduka yake mengi huuza vifaa vya umeme. Nilinunua kigawio chenye waya wake wa stima, kinachotoa ampia 2, yaani miliampia 2,000. Fanya hesabu nami: skana 500, modemu 500, flashi tuseme 200. Jumla ni 1,200, na kinabaki cha akiba. Simu za wateja zikahamishiwa soketi ya ukutani, maana mgeni hukaribishwa lakini si kwenye sahani ya watoto. Tangu hapo skana na modemu hukaa kigawio kimoja, na mlio wa kutoka na kuingia tumeusahau.

Nisije nikakudanganya kwamba matatizo yote ya USB ni njaa. Yapo mengine mawili niliyokutana nayo baadaye, na ni vyema niyataje.

La kwanza ni la herufi. Windows huzipa diski herufi: A na B ziliachiwa zile diski laini za zamani, C ni diski kuu ya ndani, na wengine hufuata. Modemu nyingi za simu huingia zikijidai kuwa ni sidii, kwa kuwa zimebeba programu zake ndani. Basi flashi iliyozoea kuitwa E hukuta E imekaliwa na modemu, nayo huitwa F. Mama alipobonyeza njia ya mkato ya kufungua flashi, kompyuta ilimfungulia modemu, naye akadhani kazi za wateja zimefutika. Hazikufutika, zilikuwa mlango wa pili. Dawa ni kuitazama orodha nzima ya diski kabla ya kulia, au kuipa flashi herufi ya mbali, kama vile S, ambayo hakuna atakayeigombania.

La pili lilitokea kwa mjomba wangu anayeishi Huruma, mwenye kompyuta ya kubeba. Alinunua kipanya kisicho na waya, chenye kile kipokezi kidogo cha kuchomeka, na diski ya nje ya USB 3.0. Kila diski iliponakili mafaili, kipanya kiliruka kama panzi. Akabadilisha betri, akabadilisha hata meza. Kumbe mwaka wa 2012 Intel ilikwisha kueleza kwamba vifaa na waya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia masafa ya 2.4 GHz, na hayo ndiyo masafa ambayo vipanya vingi visivyo na waya hutumia. Hapakuwa na njaa wala majina, palikuwa na mtu anayepiga kelele kando ya mtu anayenong'ona. Tuliuhamisha upokezi ule upande wa pili wa mashine kwa kipande kifupi cha waya wa kurefushia, na kipanya kikatulia.

Baada ya hayo yote mama aliniambia, "Mwanangu, wewe uko bweni wiki kumi na mbili. Ukienda, nani atanitolea haya maneno kichwani?" Ni kweli. Ujumbe unaotokea kwenye skrini ni wa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Si kwamba kompyuta haiwezi kusema Kiswahili. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Lakini kompyuta ya mtumba huja na lugha ya aliyeitumia kwanza. Kwa hivyo nikachukua karatasi moja, nikaandika kwa herufi kubwa, na mama akaibandika ukutani juu ya meza. Naiweka hapa kama ilivyo, kwa yeyote anayetaka kuinakili:

1. Usimlaumu aliyeingia mwisho. Kwanza hifadhi kazi yako.

2. Zima. Chomoa vyote, bakisha kibodi na kipanya. Washa, ngoja itulie.

3. Rudisha kimoja kimoja, tundu la nyuma la kompyuta kwanza. Kila ukiongeza kimoja, kijaribu kwa kazi ya kweli.

4. Kila kimoja kikifanya kazi peke yake lakini vyote vikigoma, ni njaa ya stima. Tumia kigawio chenye waya wake, au wape zamu.

5. Kimoja kikigoma hata kikiwa peke yake, badilisha waya, kisha tundu. Kikigoma bado, hapo ndipo uite fundi.

6. Printa ikinyamaza, tazama kama ziko mbili kwenye orodha. Rudisha waya tundu lake. Weka alama ya wino kwenye tundu hilo.

7. Flashi ikipotea, tazama orodha ya diski zote. Usitie chochote ndani wala usikubali kuifuta mpaka uipate.

8. Kabla ya kuchomoa flashi, iage kompyuta.

Majirani wawili wenye kazi kama ya mama wamekwisha kuinakili. Mmoja alifika hatua ya nne, akagundua kwamba kamera aliyotaka kuitupa ni nzima.

Wenzangu, sikuandika haya ili nionekane fundi. Nimeandika kwa sababu mtaani kwetu, kitu kikiharibika au kikipotea, macho yote humwelekea mgeni, yule aliyehamia mwezi jana, na mara nyingi hukumu hutolewa kwa dakika mbili kama ile ya fundi wetu. Njia ya kuchomoa vyote na kurudisha kimoja kimoja ni ya polepole, lakini ndiyo inayomwokoa asiye na hatia, awe skana au awe mtu. Na mara nyingi ukiifuata hadi mwisho utakuta hakuna mkorofi yeyote, ila kilichopo ni kidogo na waliokizunguka ni wengi.

Nina ombi moja kwa Chama chetu na kwa walimu wetu walezi. Katika chumba cha kompyuta hapa shuleni, kando ya kila mashine, kuna karatasi za maagizo kwa Kiingereza. Tukae pamoja, sisi na wenzetu wa Chama cha Kompyuta, tuziandike pia kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama zetu. Mimi nitaleta ya USB. Nani ataleta ya printa?